Duka linataka niongeze hela ya waranti ya miaka miwili juu ya PS5. Nilipe?

Kitasa wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kabla sijatoa hela Jumamosi.

Nimepata PS5 mpya, mashine ya gemu ya Sony, ile ya diski, kwenye duka moja pale mjini. Jina la duka tuliache. Bei tumefika milioni moja na laki sita, na inakuja na waranti ya duka ya mwaka mmoja. Wakati najiandaa kuondoka kijana wa kaunta akanivuta pembeni: nikiongeza laki mbili na elfu arobaini, napewa miaka miwili mingine juu ya ule mmoja. Anasema mashine hizi hazivumilii joto la Dar, na ikizingua mwaka wa pili nitamkumbuka.

Sasa huyo huyo muda mfupi nyuma alikuwa ananiapia kwamba PS5 ni chuma, haifi leo wala kesho. Nilipokubali kununua tu, ikageuka mgonjwa.

Mimi nimeelemea kutolipa. Lakini sitaki ubishi wa vijiweni, nawataka waliowahi kudai. Walionunua waranti ni wengi, hao siwaulizi. Nawauliza waliorudisha mashine dukani ikatengenezwa bila wao kutoa senti.

Mwana wa Mbezi

Lipa mkuu, ulale usingizi. Amani ya moyo haina bei.

Kitasa wa Tabata

Ina bei mkuu, nimeiandika hapo juu.

Fundi wa Aggrey

Ngoja niseme zinazoletwa mezani kwangu, halafu mwenye uzi atapima mwenyewe.

Kubwa kuliko zote ni tundu la HDMI, lile la kuchomekea waya wa picha wa runinga. Mtoto kapita mbio, waya ukamnasa mguuni, au mtu kahamisha runinga na mashine bado imeunganishwa. Pini za ndani zinapinda, picha inapotea, mwenye mali anakuja analia kwamba PS imekufa. Haijakufa. Tundu linang'olewa, linachomelewa jipya, anaenda nyumbani. Lakini mbele ya waranti hiyo ni mashine iliyovunjwa na mtumiaji, na hakuna duka litakalokusikiliza.

Ya pili ni umeme, na hapa watu wengi wanaelewa nusu. PS4 na PS5 zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukinywea jioni mpaka taa zinakuwa za njano, mashine haina shida, kinachoteseka ni friji. Kinachoua mashine ni umeme kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Na kibaya zaidi ni waya wa neutro, ule wa kurudishia umeme, kukatika au kulegea kwenye nguzo. Nyumba ambayo kawaida inapata volti 230 inaweza kujikuta inavuta hadi kama 400. Siku hiyo mtaa mzima unaunguza vitu, na wiki hiyo mimi nakula vizuri, Mungu anisamehe.

Ya tatu ni vumbi na chumvi. Mashine iliyokaa Kigamboni au Mbweni karibu na ufukwe ukiifungua, na ukafungua iliyokaa Kimara barabara ya vumbi, hata usipoambiwa utajua ipi imetoka wapi. Ya ufukweni skrubu zina kutu na pini zina ukungu wa kijani. Ya Kimara feni imevaa sweta.

Ugonjwa wa kiwandani wenyewe, yaani bodi kufa bila mtu kuigusa na umeme ukiwa mzuri, upo, lakini nauona mara chache, na mara nyingi unajitokeza mapema. Mwaka wa kwanza unatosha kuukamata.

Mzee wa Daftari

Fundi kafungua njia, mimi nilete hesabu.

Kumbukeni kwanza kwamba kuna mashine iliyowahi kustahili waranti ya nyongeza kwa kila hali: Xbox 360 ya Microsoft iliyotoka Novemba 2005. Wale wa zamani mnakumbuka taa tatu nyekundu zinazowaka kuzunguka kitufe cha kuwashia. Chipu ilikuwa inapata moto na kupoa, inapata moto na kupoa, mpaka viunganishi vyake vinakatika. Watu Marekani wakawa wanaifunika mashine kwa taulo ipate moto zaidi, eti viunganishi vishikane tena. Ilikuwa inawaka siku chache kisha inarudi kule kule.

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani inayouza waranti, SquareTrade, ilitoa takwimu za mashine zaidi ya 16,000 ilizokuwa imeziwekea dhamana. Ndani ya miaka miwili Xbox 360 zilizoharibika zilikuwa asilimia 23.7, PS3 asilimia 10, Nintendo Wii asilimia 2.7. Kumbukeni takwimu hizo zimetolewa na muuza waranti, lakini tuzichukue kama zilivyo.

Sasa turudi kwa Kitasa. Laki mbili na arobaini juu ya milioni moja na laki sita ni asilimia 15. Tuchukulie kila mashine inayoharibika inakufa moja kwa moja na unalazimika kununua nyingine. Ili hela yake irudi, inabidi mashine 15 kati ya 100 zife ndani ya mwaka wa pili na wa tatu, tena zife kwa ugonjwa ambao waranti inaukubali. Fundi kasema yanayokubalika ni machache. Na hapo nimelihurumia duka.

Kwa sababu kwetu mashine haifi moja kwa moja. Huku ndiko tunakotofautiana na wenzetu. Ulaya na Marekani saa moja ya fundi ni ghali kiasi kwamba kitu kikiharibika watu wanakitupa, ndiyo maana waranti kule inapata soko. Hapa mafundi tunao na mikono wanayo. Kama kutengeneza kunakugharimu laki moja na ishirini, basi hata ukipewa uhakika kwamba mashine yako itaharibika mara moja, waranti hii umeinunua kwa bei mara mbili ya ugonjwa.

Mwana wa Mbezi

Mzee wa Daftari, hesabu yako nzuri lakini inamhusu mtu mwenye laki moja na ishirini mfukoni siku mashine inapokufa. Wengine siku hiyo hatuna. Mimi nilinunua runinga kwa waranti ya nyongeza, kioo kikaanza kuchora mistari mwaka wa pili, duka likabadilisha bila neno. Kioo cha runinga ni sawa na kununua runinga nyingine. Nyie mnaongea kama kila kitu kinatengenezeka.

Mzee wa Daftari

Runinga nakupa, mkuu. Kioo kikishaharibika fundi hana la kufanya, gharama yake inakaribia bei ya kitu kizima, na hapo waranti ina kazi. PS5 haina kioo. Kitu pekee ndani yake kinachofanana na hicho ni bodi kuu.

Ila hoja yako ya siku ya kukosa ni ya kweli, siibishi. Nitasema tu hela hiyo hiyo ikikaa kwenye simu au kwa mama wa kikoba inafanya kazi ileile, na mashine isipoharibika inabaki yako.

Mwana wa Mbezi

Ikikaa kwenye simu inaliwa wiki ya pili. Tunajuana.

Kocha wa Banda

Nina banda la PS Mbagala, mashine zinapiga kazi kuanzia watoto wanapotoka shule mpaka usiku. Niwaambie kitu hamjakigusa. Waranti karibu zote za mashine hizi ni za matumizi ya nyumbani. Ukiiweka banda watu walipie, hiyo ni biashara, na karatasi ya mtengenezaji mwenyewe inasema haihusiki. Muuzaji hatakuuliza wakati unanunua. Atakuuliza wakati unadai, na akiona padi nne za kuchezea zimechakaa atajua.

Na kwa banda, mashine yenyewe siyo tatizo, padi ndiyo inayonitoa jasho. Analogi, kile kijiti cha kidole gumba, inaanza kutembea yenyewe, mchezaji wako anakimbia kwenda kona peke yake na kijana anadai arudishiwe mia tano yake. Chini ya kile kijiti kuna kifaa kidogo cha kupima mzunguko ambacho sehemu zake zinasuguana kila unapocheza, zikilika ndio basi. Siku hizi kuna analogi za sumaku ambazo hazisuguani. Fundi ananibadilishia hizo, padi inanivusha muda mrefu. Waranti ya mashine mara nyingi kwa padi ni hadithi nyingine kabisa, muulize muuzaji inaihesabu vipi.

Bibie Upanga

Kocha, hilo la padi limewahi kumfikisha mkubwa mmoja mahali pa kuomba radhi. Nintendo Switch iliyotoka 2017, padi zake ndogo zilikuwa zinatembea zenyewe dunia nzima, na mwaka 2020 rais wa Nintendo mwenyewe, Furukawa, aliomba radhi mbele ya wanahisa. Marekani walishaanza kutengeneza bure mwaka mmoja nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa huko, akarudishiwa zake zimepona. Zangu nikiwa hapa Upanga nilizipeleka kwa fundi kwa hela yangu.

Mzee wa Daftari

Dada Bibie, hapo umegusa kitu nilichotaka kukisema. Ugonjwa ukishakuwa mkubwa kiasi cha kufanya waranti ya nyongeza iwe na maana, mara nyingi mtengenezaji analazimika kuubeba mwenyewe. Xbox 360 iliishia hivyo. Julai 2007 Microsoft walitangaza kwamba taa tatu nyekundu zitatengenezwa bure kwa miaka mitatu tangu siku ya kununua, hata kama waranti ya kawaida imekwisha, na wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Walionunua waranti ya nyongeza kwa kuogopa taa zile walikuwa wamelipia kitu ambacho mwishowe kilitolewa bure.

Shida yetu ni hiyo ya Bibie. Bure ya Marekani ikifika hapa inakuwa nauli.

Shemeji wa Leicester

Wakuu, nipo Uingereza, nawatumia ndugu mashine mara kwa mara, kwa hiyo niongeze la upande huu. Waranti ya mtengenezaji haisafiri na mashine. Iliyouzwa Uingereza inahudumiwa Uingereza, ya Dubai Dubai, ya Japani Japani. Ukiona tangazo Kariakoo limeandikwa waranti ya Sony mwaka mmoja, uliza mashine imetoka nchi gani na itapelekwa wapi ikiharibika. Kama jibu ni "hapa hapa dukani", basi hiyo ni waranti ya duka. Siyo mbaya, ila thamani yake ni thamani ya duka lenyewe.

Huku nikinunua dukani sheria ya mwaka 2015 inanilinda na muuzaji hata baada ya mwaka kuisha, ndiyo maana wengi wetu hatununui nyongeza. Wanaotaka kununuliwa na ndugu wajue ulinzi huo ni wa mnunuzi aliye huku.

Na kwa anayeletewa mashine za zamani: PS5 na PS4 hazina tatizo la volti, unabadilisha waya tu uendane na soketi yetu ya pini tatu. Xbox 360 ya Marekani usiichomeke kwenye umeme wetu. Lile tofali lake la umeme ni la volti za kule.

Wakili wa Kimara

Naona watu wanaiongelea waranti kama vile bila karatasi hiyo muuzaji hana wajibu wowote. Siyo kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinaweka masharti ambayo muuzaji hakuyaandika lakini yanambana: bidhaa iwe na ubora unaokubalika na iweze kufanya kazi uliyoinunulia. Yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye ukuta wa duka hayafuti hayo. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, na ofisi zake zipo hapa hapa Dar.

Ila bila risiti unaanza kesi ukiwa umekaa chini. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, halisi, yenye bei uliyolipa kweli. Kuna michezo ya kuandikiwa laki tano ili kodi ipungue, halafu siku ya kudai unaambiwa waranti ni ya bidhaa ya laki tano. Namba ya mashine iandikwe pia kwenye karatasi ya waranti, ile iliyo nyuma ya mashine, ilingane na ya kwenye boksi.

Kitasa, hilo la nyongeza mimi ningeuliza moja kabla ya yote: anayebeba hasara ni nani? Kama ni kampuni ya bima, ipo chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima, na una pa kulalamika. Kama ni duka lenyewe, umelikopesha laki mbili na arobaini kwa miaka mitatu kwa matumaini kwamba litakuwepo. Maduka ya vifaa vya elektroniki yanahama. Fremu uliyonunulia PS leo, miaka miwili mbele inauzwa vitenge.

Kitasa wa Tabata

Nashukuru sana wakuu. Leo nimerudi dukani nikaomba nisome karatasi kabla ya kulipa. Kijana alisita kidogo, akaitoa. Ni ukurasa mmoja. Nafupisha yaliyomo:

Haihusu kuanguka, kimiminika, wadudu, vumbi, tundu lililovunjika, wala "hitilafu itokanayo na umeme". Padi na waya hazimo. Mashine ikifunguliwa na fundi wa nje, imekwisha. Matengenezo yatafanyika "kulingana na upatikanaji wa vipuri", muda haujatajwa. Kikishindikana kutengenezwa, duka litatoa "bidhaa inayofanana au thamani itakayoamuliwa na duka".

Nikamuuliza, joto? Si ndiyo ulisema joto la Dar ndilo linaloua? Akasema joto likisababishwa na mahali mashine ilipowekwa ni matumizi mabaya. Nikamuuliza kilichobaki ni nini. Akacheka, akaniambia "bosi, hiyo karatasi huwa watu hawaisomi."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Nyongeza silipi. Ule mwaka mmoja wa kwanza nimemwambia aandike kwa mkono kwamba mashine ikigoma kuwaka ndani ya wiki mbili nabadilishiwa nyingine, kaandika na kugonga muhuri.

Mwana wa Mbezi

Haya, kwa karatasi hiyo hata mimi nisingelipa. Ya runinga yangu iliandika umeme kabisa kwamba umo. Kumbe inategemea unauziwa nini.

Kocha wa Banda

"Thamani itakayoamuliwa na duka" 😂😂 hapo unarudishiwa soda mbili.

Kitasa wa Tabata

Fundi, sasa ile hela nataka iende kwenye kinga. Ninunue stebilaiza, UPS ya betri au ile soketi ya kulinda friji? Na pia mashine itakaa kwenye kabati la runinga lenye mlango wa kioo, mama watoto hataki waya zionekane.

Fundi wa Aggrey

Mlango wa kioo hapana. Sony wenyewe wanataka hewa inayoizunguka mashine isizidi nyuzi 35. Januari na Februari sebule ya Dar isiyo na kiyoyozi inakaribia 32 au 33 mchana, kwa hiyo una nyuzi mbili tatu tu za kuchezea. Ukifunga mlango huo mashine inavuta hewa iliyoitoa yenyewe. Mwambie shemeji mlango utolewe au mashine ikae juu ya kabati, mbali na ukuta.

Soketi ya friji ni ya bei nafuu na inafanya jambo moja la maana: umeme ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu kupita, ule mshtuko wa kwanza unapita. Inakata pia umeme ukizidi. Kwa nyumba nyingi inatosha, ila nunua ile iliyoandikwa inabeba mzigo wa runinga na mashine kwa pamoja. Stebilaiza ni ya mtu ambaye umeme wake unapanda na kushuka kutwa nzima, na PS yako haihitaji kupandishiwa volti. UPS ina faida moja nyingine: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi gemu unapata muda wa kuzima taratibu. Kwa PS4 yenye hadidiski ya kuzunguka ningekuambia nunua, kwa sababu hadidiski ikikatiwa umeme wakati inaandika inaweza kuharibika. PS5 inatumia SSD, haina kinachozunguka, ni mvumilivu zaidi, japo sasisho likikatika katikati utasumbuka.

Neutro ikikatika kabisa, hakuna katika hivyo vitatu ninachoweza kukuapia. Taa za nyumbani zikianza kuwaka kupita kawaida, au nusu ya nyumba inang'aa na nusu imefifia, kimbilia swichi kubwa, hayo mengine baadaye.

Vumbi: toa zile kuta za plastiki za pembeni za PS5, zinatoka kwa mkono bila bisibisi na hazivunji waranti. Ndani kuna matundu yaliyotengenezwa kukusanya vumbi, pitisha mashine ya kunyonya vumbi hapo kila baada ya miezi michache. Usipulize kwa mdomo, unaweka mate. Ndani zaidi usiende, wala usimpe fundi asiyeijua. Juu ya chipu yake kuna metali ya kimiminika badala ya ile pesti tuliyoizoea, inapitisha umeme na inakula aluminiamu. Tone moja likidondokea pasipotakiwa, utaniletea maiti.

Bibie Upanga

Fundi, na tundu la HDMI je? Nina watoto wawili na mbwa.

Fundi wa Aggrey

Waya mrefu kidogo kuliko unaohitajika, upitishwe nyuma na ufungwe kwenye mguu wa meza kabla haujafika kwenye mashine. Mtu akiuvuta, meza ndiyo inavutwa. Mbwa sina dawa yake.